Mgeni Amekuja, Mwenyeji Yuko Wapi?

Wahenga wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Msemo huo una sharti lililojificha ndani yake, nalo ni kwamba mwenyeji hawezi kupona asipokuwapo nyumbani. Juma hili twawaalika wasomaji wetu waandamane nasi hadi Venice, nchini Italia, mji ambao Waarabu huuita al-Bunduqiyya, tuupite mfereji wake mkuu tangu mwanzo hadi mwisho, tupate kuona mji huo uliwapokeaje wageni zamani, na wawapokeaje leo.

Mfereji wenyewe, Canal Grande kwa Kiitaliano, una urefu wa karibu kilomita 4, nao umejipinda katikati ya mji mfano wa herufi S iliyogeuzwa. Katika mji huo wa kale hamna magari; maji ndiyo barabara. Atakaye kuutazama kwa utulivu hupanda boti ya abiria nambari 1 mbele ya stesheni ya reli, nayo huenda polepole ikifunga gati upande huu na ule. Kulia na kushoto yamepangana majumba zaidi ya 170, na aghalabu mlango mkuu wa jumba waelekea majini, kwa kuwa mwenyewe alikuwa mfanyabiashara: shehena ilishushwa ikahifadhiwa chini, na jamaa zake wakaishi ghorofani. Kuta hizo zimesimama juu ya magogo yaliyokitwa kwa wingi ndani ya tope. Mti uliozama pasipo kupata hewa hauozi upesi. Sisi ambao nyumba zetu za kale zimeezekwa juu ya boriti za mikoko twaijua thamani ya mti uliowekwa mahali pake.

Haupiti muda, upande wa kulia hutokea jumba jeupe lenye safu ndefu ya matao. Hilo ni Fondaco dei Turchi, na neno fondaco limetokana na funduq la Kiarabu, yaani nyumba ya wasafiri. Tangu mwaka 1621 hadi 1838 jumba hilo lilikuwa makao ya wafanyabiashara Waislamu waliotoka katika dola ya Uthmaniya. Mlikuwa na maghala, vyumba vya kulala, hamamu, na mahali pa kuswalia. Masharti nayo yalikuwapo: silaha zilikabidhiwa mlangoni, na usiku milango ilifungwa chini ya walinzi. Hatusemi kwamba masharti hayo yote yalitokana na ukarimu. Mengine yalizaliwa na hofu. Hata hivyo kila mmoja alijua nafasi yake. Mgeni alipata pa kulala na pa kusujudu, mwenyeji akapata biashara na ushuru, na mji ukabaki mikononi mwa wenyewe. Leo jumba hilo ni makumbusho ya elimu ya viumbe.

Boti ikisonga mbele, hulipita soko la samaki lililo kando ya maji, kisha kushoto jumba jingine la namna ile ile, Fondaco dei Tedeschi, lililokuwa la wafanyabiashara wa Kijerumani. Baadaye likawa posta, na mwaka 2016 likafunguliwa kuwa duka la bidhaa za anasa. Papo hapo lipo daraja la Rialto, tao moja la mawe lililojengwa kati ya 1588 na 1591, ambalo hadi mwaka 1854 lilikuwa daraja pekee juu ya mfereji huo. Safari humalizikia kwenye kuba kubwa la kanisa la Salute, lililojengwa baada ya tauni ya mwaka 1630, na uwanja wa San Marco.

Ni matembezi ya kupendeza, lakini mwenye kutafakari hujiuliza: nani hulala katika majumba haya? Mwaka 1951 mji wa kale ulikuwa na wakazi wapatao 175,000. Mwaka 2022 walipungua chini ya 50,000. Karibu na Rialto duka moja la dawa limeweka dirishani kibao cha tarakimu kinachoonyesha idadi ya wakazi waliosalia, kama mgonjwa apimwavyo homa. Nyumba zimegeuzwa za kukodisha wageni kwa siku, kodi zimepanda, na vijana wamehamia bara. Dhidi ya mafuriko mji umepata malango ya chuma, yaliyozuia bahari kwa mara ya kwanza mwaka 2020. Kwa watalii wa siku moja umeanza, mwaka 2024, kutoza ada ya yuro 5 katika baadhi ya siku. Lakini ada haimrudishi aliyekwisha kuuza nyumba.

Kwa nini tuyaseme haya kwenu? Kwa sababu Mji Mkongwe wa Lamu uliingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, miaka 14 baada ya Venice, na wanunuzi wa nyumba za kandokando ya bahari wanabisha hodi pwani yetu. Hatuulaumu utalii, wengi wetu twala kwa jasho lake. Tunalosema ni kuwa nyumba ya urithi huuzwa mara moja, na bei yake huliwa kwa miaka michache. Kabla ya kutia sahihi, warithi na wakae pamoja, wazee kwa vijana. Fiqhi imetuwekea haki ya shuf‘a: mshirika katika mali isiyogawanywa hutangulizwa kulinunua fungu la mwenziwe kwa bei ile ile, kabla ya mtu wa nje. Imetuwekea pia waqfu. Asiyeweza kununua, akodishe kwa muda maalumu, na hati ibaki na jamaa. Hapo mgeni atakapokuja, na aje kwa heri, atamkuta mwenye nyumba barazani wa kumkaribisha.