Mtoto anataka baiskeli ya mashindano: chuma, aluminiamu au kaboni?

Baba mmoja wa Arusha ametuandikia. Kijana wake wa miaka 15 huamka alfajiri kila Jumapili kufuatana na wenzake wa klabu ya baiskeli, na sasa anataka baiskeli ya mbio iliyo "ya kaboni tu". Muuzaji wa mitumba anayo moja, lakini bei yake inakaribia ada ya mwaka. Je, ainunue?

Tangu Kigali ilipoandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika, maswali ya aina hii yameongezeka. Vijana wameona wenyewe kwamba mambo haya yanawezekana, na mimi siwalaumu.

Tuanze na uzito, maana ndiyo hoja ya kijana. Fremu nzuri ya chuma huwa na kilo 2 hivi, ya aluminiamu kilo moja na nusu, ya kaboni kilo moja au chini yake. Titaniamu iko katikati, haipati kutu, ila bei yake tuwaachie wenye nazo. Kwa hiyo tofauti ya aluminiamu na kaboni ni kama nusu kilo. Chupa ya maji iliyojaa ambayo kijana ataibeba ina uzito zaidi ya huo.

Kwenye starehe watu wengi wanapotoshwa. Utasikia aluminiamu "inapiga mgongo" na chuma "kinabembea". Ni kweli kwamba fremu nyingi za zamani za aluminiamu zilikuwa na mabomba manene, magumu, na chuma chembamba hunyumbuka kidogo. Lakini kinachomtenganisha mtoto na mashimo ya barabara ni tairi kwanza. Tairi ya milimita 28 yenye upepo wa kiasi humpa raha kuliko fremu ya gharama yenye tairi ya 23 iliyojazwa mpaka ikawa jiwe. Mtoto wa kilo 50 hahitaji upepo wa mtu wa kilo 90. Kabla hujalipa, angalia kama fremu ina nafasi ya kupitisha tairi pana; nyingi za zamani hazina.

Sasa usalama, na hapa ndipo ningemwomba baba huyu atulie. Chuma kikianza kuchoka, mara nyingi huonyesha ufa au kupinda kabla ya kukatika, na fundi mzuri anaweza kukiunga. Adui yake ni kutu, hasa kwa wanaokaa Tanga au Mombasa. Aluminiamu haishiki kutu nyekundu, ila kuichomelea si kazi ya kila fundi, kwa sababu joto hudhoofisha sehemu iliyo karibu na kiungo. Kaboni ni nyuzi zilizogandishwa kwa gundi. Ikipigwa vibaya inaweza kupasuka ndani huku rangi ya nje inang'aa, na siku ikikatika haitoi taarifa. Uma wa mbele ukikatika kwenye mteremko, mtoto anatua kwa uso.

Baiskeli ya mtumba ya kaboni imesafiri kwenye kontena na haiji na historia yake. Ukiikuta imepakwa rangi upya, achana nayo. Kagua chini ya usukani, pale pedali zinapofungwa, na kuzunguka bomba la kiti. Igonge taratibu kwa sarafu. Mlio mkavu ukibadilika ghafla ukawa mzito, usinunue. Mlio mzuri nao hauthibitishi kwamba iko salama.

Nenda na sumaku mfukoni. Ikinata kwenye fremu, hicho ni chuma, hata muuzaji aape vipi.

Kwa kijana wa miaka 15 mimi ningechukua aluminiamu yenye uma wa chuma au wa aluminiamu, au chuma chepesi kisicho na kutu, kisha fedha iliyobaki iende kwenye tairi. Bado anarefuka, na baada ya miaka miwili fremu hiyo itamwacha. Asimame juu yake nyayo zote zikiwa chini: bomba la juu lisimguse. Akiambiwa "ataikulia", mgongo na magoti vitaumia kwanza, iwe kaboni au dhahabu.

Na kofia ngumu iwemo kwenye bajeti ileile, si "mwezi ujao".