Nani Apumzike Jumapili?

Katika picha moja mashuhuri ya Uholanzi, iliyochorwa na Johannes Vermeer yapata mwaka 1660, mtumishi wa jikoni anamimina maziwa. Dirisha liko kushoto, mkate uko mezani, na kimya kimetanda. Picha yenyewe, iliyohifadhiwa mjini Amsterdam, haifiki nusu mita kila upande. Mchoraji amempa mtumishi heshima kubwa. Hata hivyo, mwanamke yule yuko kazini.

Mchoraji wa Kenya, Bi Wangari Mathenge, aliyekuwa mwanasheria kabla ya kushika brashi, amekwenda mbele zaidi. Mwaka 2023 alionyesha mjini London picha alizozipa jina lenye maana ya “Siku ya Mapumziko”. Waliochorwa ni wanawake wa Kenya wanaofanya kazi katika nyumba za watu. Humo wamepumzika, basi.

Ni jambo dogo? Hebu itazame sebule ya Musoma siku kama ya leo. Vitambaa vya kufuma vimetandikwa juu ya makochi. Baba yuko kitini na gazeti. Mama amerudi kutoka kanisani, anavua viatu. Naye binti aliyeletwa kutoka kijiji cha Bunda au Butiama, kwa ahadi ya kutunzwa kama mtoto wa nyumbani, yuko uani akipara magamba ya sato. Akimaliza hapo kuna vyombo. Vikiisha vyombo kuna sare za shule. Mchoraji akiingia humo kutafuta utulivu ataupata, lakini ataupata kwa kuwa yuko mmoja asiyeketi.

Wengi wetu husema, “Huyu ni kama mwanangu.” Vema, lakini mwana huketi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haiulizi habari za udugu: inataka mfanyakazi apewe saa 24 za mapumziko kila wiki. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unawataja watumishi wa nyumbani waziwazi, nao unadai saa 24 mfululizo.

Saa hizo ni zake. Aweza kulala, kusukwa nywele, kwenda ziwani kutazama mitumbwi, au kupanda basi akamwone mama yake. Kuhusu sato, yeyote aliyekwisha kusoma gazeti aweza kuwasafisha.