Ilani ya mtandao chuoni isomwe hata nyumbani

Mzazi mwenye mtoto chuo kikuu huijua barua ya kuitwa chuoni, huijua hati ya karo, na matokeo ya mtihani akionyeshwa huyajua pia. Lakini ipo ilani nyingine asiyopata kuiona kabisa, na ambayo hata mtoto mwenyewe huipita bila kuisoma. Husema hivi: "Mitambo itazimwa kuanzia Ijumaa saa mbili usiku hadi Jumapili saa kumi na mbili asubuhi kwa ajili ya marekebisho. Tunaomba radhi kwa usumbufu." Basi, imeisha. Mwanafunzi huitazama kama atazamavyo tangazo la mnada wa ng'ombe mtu asiye na hata mbuzi.

Juma hili, msomaji, hebu tuisome pamoja ilani hiyo, na tuisomee Kabianga.

Chuo Kikuu cha Kabianga kiko kule milimani katika kaunti ya Kericho, katikati ya mashamba ya chai. Kilianza mwaka 2007 kama tawi la Chuo Kikuu cha Moi, kikawa chuo kishirikishi mwaka 2009, na mwaka 2013 kikapewa hati ya kujitegemea. Ukiyaangalia miaka hiyo utaona kwamba chuo hiki na intaneti ya kasi ni kama mapacha, maana ni mwaka huo huo wa 2009 ambapo nyaya za Seacom na TEAMS zilitia nanga Mombasa kutoka baharini. Kabla ya hapo mawasiliano ya intaneti ya Kenya yalitegemea sana setilaiti. Ujumbe ulipanda kilomita 36,000 angani, ukashuka ng'ambo, na jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo. Nusu sekunde nzima ilipotea njiani kila mara, na bei yake ilikuwa ya kumfukuza mwanafunzi mbali na mashine.

Leo mambo ni mengine. Kijana anayesoma katika vyuo vyetu husajili masomo kwa mtandao, huomba chumba kwa mtandao, hupokea kazi ya mhadhiri kwa mtandao na kuirudisha kwa njia hiyo hiyo. Salio la karo hulisoma kwenye simu. Mkopo wa HELB, bodi iliyoundwa mwaka 1995 wakati watu walipanga foleni na fomu mkononi, nao huombwa kwa mtandao. Kwa hiyo mitambo ya chuo ikizimwa, si kwamba kijana amenyimwa sinema. Amefungiwa mlango wa ofisi ya karani, wa maktaba na wa mhasibu kwa siku moja.

Sasa, huzimwa na nani?

Mara nyingine na mbingu. Anayeijua Kericho anajua jinsi alasiri inavyobadilika: asubuhi jua, saa nane mawingu, saa tisa radi na mvua ya mawe juu ya mabati. Sehemu hiyo hutajwa miongoni mwa zile zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi ulimwenguni. Yuko mwanasayansi mmoja, Russell Schnell, aliyechunguza jambo hilo, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 1982 ilionyeshwa kwamba vumbi la majani ya chai yaliyooza chini ya michai likipeperuka hewani huweza kuwa kiini ambacho barafu hujijenga juu yake. Yaani huenda ile chai inayolipa karo ina mkono katika mawe yanayoipiga chai yenyewe! Mimi nikiisoma habari hiyo hucheka, lakini fundi wa mtandao hacheki. Radi ikipiga karibu na waya, nguvu hupita ndani yake na kuunguza vifaa vilivyo mwisho wa waya huo, hata kama jengo lenyewe halikuguswa. Anayekaa chumba cha kupanga na achomoe kompyuta yake ukutani anaposikia ngurumo, wala si kuizima tu, maana nguvu hupita kwenye waya bila kujali kama mashine imelala au iko macho.

Mara nyingine huzimwa na stima. Ijumaa usiku, Agosti 25, 2023, karibu nchi nzima ilikaa gizani. Na nani amemsahau tumbili wa Gitaru? Juni 7, 2016 aliangukia transfoma katika kituo hicho cha kuzalisha umeme, Kenya ikazimika kwa saa kadhaa, naye akatoka mzima na kuchukuliwa na watu wa wanyamapori.

Mara nyingine tena huzimwa na bahari. Jumapili, Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilikatika upande wa kusini mwa Afrika, na watu wa Kenya, Uganda na Tanzania wakaona simu zao zinasuasua. Siku kama hiyo utawasikia wanafunzi wakimtukana fundi wa chuo, ambaye kosa lake halipo kabisa. Waya ulio chini ya maji hungoja meli maalumu uvuliwe na kuungwa.

Hayo yote hayana ilani. Radi haiandiki barua. Lakini kuna kuzimwa kwa aina ya nne, kule kunakofanywa na fundi mwenyewe kwa makusudi, na hiki ndicho kinachotangazwa, na ndicho tunachoweza kujitayarisha nacho.

Watu huuliza, mbona wanazima kitu kinachofanya kazi? Jibu liko katika kisa cha mwaka 2017. Mwezi Machi kampuni ya Microsoft ilitoa marekebisho ya kuziba ufa katika programu yake ya Windows. Walioyaweka wakaendelea na shughuli zao. Wengine wakasema tutafanya baadaye, tuna kazi nyingi. Mwezi Mei kirusi kilichoitwa WannaCry kikapitia ufa ule ule, kikafunga mafaili ya kompyuta katika nchi nyingi na kudai fidia. Kule Uingereza hospitali ziliahirisha kuwatibu wagonjwa. Marekebisho yalikuwa yamekaa tayari miezi miwili! Basi ukimwona fundi wa chuo anazima mashine usiku wa Ijumaa, anaziba ufa kama huo, na wewe ungependa azibe, kwa kuwa alama za miaka minne ya mtoto wako zimo humo ndani.

Hapo sasa nageukia upande wa pili, maana sipendi kuwatetea mafundi peke yao. Ilani nyingi za vyuo vyetu huandikwa kana kwamba zinasomwa na mafundi wenzao. Huambiwa jina la seva, huambiwa toleo la programu, lakini huambiwi neno moja unalolitaka: je, nitaweza kusajili masomo Jumamosi au siwezi? Tena hubandikwa mahali pasipofikiwa. Ilani ya kusema mtandao utazimwa ikitumwa kwa barua pepe saa moja kabla ya kuzimwa, nani ataisoma? Ni sawa na kumtumia mtu barua kumjulisha kwamba posta imefungwa.

Tena angalieni majira. Katika mabonde ya Kericho na Bomet wapo wazazi wengi wanaongoja bonasi ya majani chai ndipo walipe karo. Bonasi hiyo hulipwa karibu na mwezi wa Oktoba, na wakati huo muhula unaoanza Septemba umekwisha kushika kasi. Tuseme baba amepata fedha Ijumaa jioni, akazituma kwa simu usiku ule ule ili binti yake asajiliwe kabla ya Jumatatu, siku ya mwisho. Fedha zimetoka. Ujumbe wa kuthibitisha umeingia kwenye simu ya baba huko nyumbani. Lakini mitambo ya chuo imezimwa, na salio la binti bado linasoma deni. Jumatatu anafika dirishani hana risiti. Anampigia baba simu, baba yuko shambani na simu ameiacha inachajiwa dukani. Muda wa kusajili unapita. Msichana huyo anaweza kufika mtihani jina lake halimo orodhani, na hakuna mtu aliyekula fedha zake. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia baba asubiri hadi Jumapili, au wa kumwambia msajili aongeze siku mbili.

Kwa hiyo chuo kinachowajali watu wake hakiwezi kupanga kuzima mitambo bila kwanza kuitazama kalenda ya karo na ya usajili, na kikizima lazima kisogeze tarehe ya mwisho mbele kwa muda ule ule kilioukalia. Hili halihitaji mashine mpya. Linahitaji fundi na msajili kunywa chai pamoja mara moja kwa muhula, na chai Kabianga haijaadimika.

Na nyumbani? Mzazi anayelipa kwa simu amtumie mtoto ule ujumbe wa kuthibitisha malipo mara tu unapoingia, wala asiufute. Ndani yake mna ile namba ya malipo, nayo ndiyo ushahidi. Mwanafunzi naye akikwama asirudi bwenini akinung'unika. Aende dawati la msaada, aseme shida yake ilianza saa ngapi na mashine ilimwandikia nini, hata kama ni maneno asiyoyaelewa, ayanakili au ayapige picha. Fundi akiambiwa "haifanyi kazi" hana pa kuanzia, kama daktari anayeambiwa "naumwa" na mgonjwa asiyeonyesha mahali. Kisha aombe namba ya lalamiko lake. Siku ya kugombania tarehe ya usajili, namba hiyo itamsemea.

Kuna wezi pia, nao husoma ilani hizi kwa makini kuliko wanafunzi. Wakisikia mitambo inarekebishwa, hutuma ujumbe wao: "Tunahamisha akaunti, tutumie neno lako la siri usije ukafungiwa." Fundi wa kweli halihitaji neno lako la siri, kwani anao ufunguo wake mwenyewe. Na si neno la kumwachia kijana wa saiba aliyekufungulia akaunti ulipokuwa ukiomba nafasi ya chuo. Hao wengi ni watu wema, lakini neno lililoandikwa katika daftari lake halina tena haki ya kuitwa siri. Libadilishe.

Wala ujanja huu si mpya. Maneno ya siri ya kompyuta yalianza kutumika katika chuo cha MIT, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, ili kila mtu apate saa zake za kutumia mashine moja ya pamoja. Mwaka 1962 mwanafunzi mmoja, Allan Scherr, akaona saa zake hazimtoshi. Akaiomba mashine imchapie faili lenye maneno ya wote, ikamchapia, akaanza kutumia saa za wenzake! Yeye alikuja kulisimulia kwa kicheko miaka mingi baadaye. Hapa kwetu atakayemuiga asitarajie kucheka, kwa sababu sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018 inamtoza anayeingia bila ruhusa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili.

Nimalizie na wale wanaokaribia kuvaa joho. Barua pepe ya chuo si mali yenu ya kudumu. Kwa miaka mingi kampuni ya Google iliwapa vyuo nafasi isiyo na mwisho ya kuhifadhi vitu bila malipo, lakini mwaka 2021 ilitangaza kwamba mpango huo utakoma, na tangu Julai 2022 nafasi ina kikomo kinachogawanywa kwa chuo kizima. Vyuo vinavyotumia huduma hiyo vimelazimika kupunguza mizigo, na wa kwanza kupunguzwa ni waliokwisha kuhitimu. Ilani itatumwa, tena kwa anwani ile ile inayofungwa. Yule ambaye utafiti wake, picha zake na barua za wahadhiri wake zimo humo, azihamishe sasa akiwa bado anakumbuka neno lake la siri.