Mhandisi wa Hifadhidata Anatudai Maneno

Wanafunzi wengi wa fasihi ya Kiswahili hudhani kwamba uhandisi wa programu hauwahusu. Nami nilidhani hivyo, hadi Desemba iliyopita nilipokuwa nyumbani Chaka, Nyeri.

Jirani yetu mmoja ni mhandisi wa hifadhidata jijini Nairobi. Kwa zaidi ya miaka kumi kazi yake imekuwa kutunza kumbukumbu katika kompyuta nyingi zilizo mbalimbali, ili moja ikizimika chochote kisipotee. Mama yake, muuza viazi, alimuuliza, “Hasa unafanya kazi gani?” Akaanza kwa Kiingereza, akakwama, akasema, “Ni kompyuta tu, Mama.”

Nikaingilia kati: “Mama, hesabu za chama chenu huandikwa wapi?” Akajibu kwamba mwenyekiti, katibu na mweka hazina kila mmoja ana daftari lake. Je, yakitofautiana? “Mawili yakikubaliana, la tatu linasahihishwa.” Mwanawe akaruka kitini: “Hiyo ndiyo kazi yangu!”

Naam, hifadhi nyingi zilizosambazwa hufanya kazi hivyo: rekodi hukubaliwa pale kompyuta zilizo nyingi zinapoiafiki. Mama huyo huzitegemea kila siku. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, na hadi mwaka 2015, ilipohamishiwa Kenya, mitambo yake mikuu ilikuwa Ujerumani. Kwa hiyo, malipo ya gunia la viazi pale Chaka yaliandikwa Ulaya, na muuzaji hakuwa na lugha ya kuulizia.

Wapo watakaosema kwamba kuunda istilahi ni kazi ya BAKITA na wataalamu. Sikubaliani nao. Istilahi hazikosekani: tuna hifadhidata, tuna kanzidata, na neno kanzi lenyewe maana yake ni hazina. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kinachokosekana ni maelezo: insha, makala na mazungumzo ambamo istilahi hizo zitazoeleka. Hiyo ni kazi yetu.

Tena si kazi ngeni kwetu. Mashairi ya Muyaka wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yalinusurika kwa sababu yalihifadhiwa katika vichwa vya wengi, kisha Mwalimu Sikujua akayakusanya na kuyaandika, na nakala zikafika London. Mhakiki anayelinganisha miswada ili kupata tungo sahihi anafanya alichokieleza yule mama kuhusu madaftari matatu.

Napendekeza basi kwamba kila mwanachama wetu amtafute mhandisi mmoja, amsikilize, kisha aandike kurasa mbili za Kiswahili ambazo mzazi wa mhandisi huyo ataweza kuzisoma na kuzielewa. Mimi nimeanza na jirani yangu. Mama yake ameahidi kuwa msomaji wa kwanza, na ameonya kwamba atasahihisha.