Kompyuta ya michezo Bujumbura: ushuru asilimia 0, bei bado juu

BUJUMBURA - Tangu Oktoba 14, 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, maofisi ya Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba yamekuwa yakiondoa kompyuta ambazo bado ni nzima kabisa. Windows 11 inadai prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, na kompyuta nyingi za mezani zilizonunuliwa kabla ya mwaka 2018 hazimo katika orodha hiyo. Kwa mwenye ofisi huo ni mzigo wa kutupa. Kwa wafanyabiashara wa mtumba wa Dubai, Mombasa na Kariakoo hiyo ni bidhaa, na kwa kijana wa Buyenzi au Bwiza anayetafuta kompyuta ya kuchezea michezo kwa fedha kidogo, ilipaswa kuwa nafuu ya aina yake.

Hata hivyo nafuu hiyo inapungua kila inapovuka mpaka, na inapofika Bujumbura imebaki kidogo sana. Wanunuzi wengi huwatupia lawama watu wa forodha. Lawama hizo, kwa sehemu kubwa, zimekosea mlango.

Katika jedwali la ushuru wa pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambalo Burundi ilianza kulitumia ilipoingia katika umoja wa forodha Julai 2009, kompyuta hutozwa ushuru wa asilimia 0. Viongozi wa wakati huo waliona kwamba kompyuta ni chombo cha kazi na masomo. Mashine za michezo za kuunganisha na televisheni, kama PlayStation, zimewekwa katika sura ya 95 pamoja na vitu vya kuchezea watoto, na hazipati msamaha huo. Kwa hiyo anayeagiza kompyuta kamili, hata kama nia yake ni mpira na mbio za magari tu, anaanza na nafuu ambayo mwenye PlayStation hana. Kinachobaki kulipwa kwa mamlaka ya mapato, OBR, ni hasa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 pamoja na tozo ndogo ndogo za mpakani.

Hapa ndipo wafanyabiashara wadogo hukosea hesabu. Mama anayevusha mchele au samaki wa ziwani anaweza kutumia cheti rahisi cha uasili, kile cha mizigo isiyozidi dola za Marekani 2,000, na akapita bila mizengwe mingi. Cheti hicho ni cha bidhaa zilizotoka ndani ya Jumuiya. Kompyuta imetengenezwa China au Malaysia, na kukaa kwake miezi sita Kariakoo hakuifanyi kuwa ya Tanzania. Mwenye sipiyu tatu ndani ya gunia anatakiwa kupitia kwa wakala wa forodha kama mwenye kontena, na gharama ya wakala haigawanyiki vizuri kwa sipiyu tatu.

Lakini jambo kubwa zaidi ni dola.

Benki kuu, BRB, ilifunga maduka ya kubadilishia fedha Februari 2020 na kuyaruhusu tena Oktoba 2022. Mei 2023 ilishusha thamani ya faranga kwa zaidi ya theluthi moja, kwa matumaini kwamba kiwango rasmi na kile cha mitaani vitakaribiana. Havikukaribiana. Mwaka 2025 kiwango rasmi kilikuwa karibu faranga 2,950 kwa dola moja, na mitaani dola hiyo hiyo ilipita 7,000 kwa nyakati fulani. Anayepata dola kwa kiwango rasmi ni mwagizaji wa mafuta, dawa au mbolea, tena naye husubiri foleni. Muuza kompyuta za mtumba hamo kabisa katika foleni hiyo.

Chukua mfano wa hesabu, si bei ya duka lolote. Sipiyu ya mtumba pamoja na kadi ya picha na diski ya SSD vikigharimu dola 180, kwa kiwango rasmi ni faranga 531,000. Kwa dola ya mitaani ya 7,000 ni faranga 1,260,000. Tofauti ni faranga 729,000. Kodi ya asilimia 18 ikikokotolewa kwa kiwango rasmi ni faranga 95,580 tu. Yaani mnunuzi anayemlaumu mtu wa forodha amepoteza kwenye dola zaidi ya mara 7 ya alichopoteza kwenye kodi, na hilo ni kabla ya nauli na faida ya muuzaji.

Kuna kona nyingine ambayo haizungumzwi sana. Tangu Machi 2025 Tanzania imepiga marufuku bei za ndani kutajwa au kulipwa kwa fedha za kigeni. Mrundi anayeingia Kariakoo na dola zake lazima azibadilishe kwanza kuwa shilingi, na faranga ya Burundi huko haina mwenyewe. Kwa hiyo mtaji wake umebadilishwa mara mbili kabla hajashika bidhaa, na kila mara mbadilishaji amekata chake.

Zamani palikuwa na njia za kukimbilia. Mzigo wa Nairobi na Kampala ulishuka kupitia Kigali na kuingia kwa Kayanza, safari ya siku moja au mbili kwa basi. Januari 11, 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda, mpaka ambao ulikuwa umefunguliwa upya mwaka 2022 tu. Tangu wakati huo mzigo wa Kampala wa kuja Bujumbura hauna budi kuzunguka kwa Mutukula, kupita mkoa wa Kagera hadi Kabanga na Kobero. Upande wa magharibi kulikuwa na Uvira, mwendo mfupi tu kutoka Bujumbura kupitia Gatumba, ambako dola hutumika madukani bila kuulizwa. Waasi wa M23 walipouteka mji huo Desemba 2025, njia hiyo nayo ikafungwa. Wakati huo ikabaki Tanzania, kwa lori kupitia Kobero au kwa meli kutoka Kigoma, na kwa lori uhaba wa mafuta nchini Burundi unaongeza bei ya kila kilo.

Kwa mazingira kama haya, kuunda kompyuta kipande kwa kipande, kama wafanyavyo vijana wa Ulaya wanaochagua maza bodi leo na prosesa wiki ijayo, ni njia ya kupoteza fedha. Kila kipande ni safari yake na dola yake. Jambo la busara kwa Bujumbura ni kununua sipiyu nzima ya ofisi, aina ya Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre, na kuiongezea kitu kimoja: kadi ya picha.

Mtu asidharau nguvu ya mashine hizo. Grand Theft Auto V, mchezo ulioingia kwenye kompyuta mwaka 2015 na ambao vijana bado wanaupenda, watengenezaji wake walipendekeza prosesa ya Core i5-3470, ram ya GB 8 na kadi ya GTX 660. OptiPlex 9020 yenye Core i5-4570 ya mwaka 2013 inazidi prosesa hiyo. Kwa mpira mambo ni magumu kidogo: EA Sports FC 24 inataka angalau Core i5-6600K na kadi ya GTX 1050 Ti, hivyo anayelenga huo atafute sipiyu za kizazi cha 6 au cha 7, ambazo ndizo hasa zinazotupwa sasa kwa sababu ya Windows 11.

Kadi ndiyo inayowaponza wengi. Sipiyu ya ofisi ina pawa saplai ndogo. Ile ya OptiPlex 9020 kubwa ni wati 290, na plagi yake ya maza bodi ni ya pini 8, si 24 kama za kawaida, kwa hiyo fundi hawezi kuibadilisha kwa ya dukani bila waya wa kuunganishia. Kadi inayofaa ni ile inayotosheka na umeme wa kwenye maza bodi, yaani isiyozidi wati 75: GTX 750 Ti, GTX 1050 Ti, au baadhi ya GTX 1650. Kadi za RX 570 na RX 580 zilimiminika sokoni baada ya uchimbaji wa sarafu ya Ethereum kwa kadi za picha kukoma Septemba 2022, na zina nguvu kweli. Lakini RX 580 inakula takriban wati 185 na inahitaji waya wake wa umeme. Kuiweka katika sipiyu ya ofisi ni kuitafutia moshi. Na kama sipiyu ni ile nyembamba, kadi lazima iwe fupi ya kimo, la sivyo kifuniko hakifungi.

Kisha kuna udanganyifu. Kadi za zamani kabla ya mwaka 2012 zimebadilishwa programu yake ya ndani ili zijitaje kuwa GTX 1050 Ti, na Windows inaamini. Programu ndogo ya bure iitwayo GPU-Z imekuwa ikizifichua tangu 2018 kwa kuandika wazi kwamba kadi ni bandia. Muuzaji anayekataa kuifungua mbele ya mteja ameshajibu swali. Sipiyu zilizotoka Marekani nazo zikaguliwe nyuma: kama kuna swichi nyekundu iliyosimama kwenye volti 115, kuichomeka ukutani Bujumbura ni kuiua dakika hiyo hiyo. Nyingi za miaka ya karibuni hujirekebisha zenyewe, ila si zote.

Umeme wenyewe ni habari ndefu. Bwawa la Rusumo la megawati 80, linalogawanywa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania, limesaidia, lakini mwenye kompyuta bila kifaa cha kutuliza volti anacheza bahati nasibu. Kifaa hicho kihesabiwe ndani ya bajeti tangu mwanzo.

Faranga milioni 1 na zaidi si fedha ya mchezo kwa familia ya Buyenzi. Ndiyo maana mashine ya namna hii mara chache huwa ya mchezo peke yake. Mchana huhariri video za harusi au kuchapisha barua za watu, jioni hukodishwa kwa mechi. Anayeinunua anaweka mtaji, na kadi ikiungua hana dhamana ya kurudi nayo Kariakoo, umbali wa zaidi ya kilomita 1,500. Wazo la baadhi ya wauzaji kwamba mteja achukue na kujaribu kwa siku kadhaa kabla ya kumaliza malipo ni zuri kuliko karatasi yoyote ya dhamana, na lingestahili kuwa kawaida ya soko.

Mambo mawili ya nje yanaweza kuivuruga bei hii zaidi. Tangu Januari 1, 2025 masharti ya Mkataba wa Basel juu ya taka za kielektroniki yamekazwa: shehena ya taka hizo haisafirishwi bila ridhaa ya nchi inayopokea. Kompyuta nzima iliyopimwa si taka, lakini kontena la sipiyu zisizopimwa linaweza kusimamishwa bandarini, na wauzaji wa Dubai wanapopima, bei inapanda. La pili ni ram. Mahitaji ya vituo vikubwa vya akili bandia yamepandisha bei ya memori duniani kote tangu mwishoni mwa 2025, hadi Desemba mwaka huo kampuni ya Micron ikatangaza kuacha kuuza ram za Crucial kwa wateja wa kawaida. Kwa sasa hilo linaipendelea sipiyu ya mtumba, kwa kuwa ram imo ndani tayari. Lakini mwenye sipiyu Dubai naye anasoma habari hizo hizo, na ram ya kizazi cha 6 na cha 7, ambayo nyingi ni ya aina ya DDR4, inachomolewa kwa sekunde 5 na kuuzwa peke yake. Anayeagiza mwezi huu aandike kwenye oda idadi ya GB anazozitarajia ndani ya kila sipiyu, na afungue masanduku Dar es Salaam, si Kobero.