Rwayitare alileta simu, bei yake nani ataishusha?

Kila mara historia ya simu za mkononi Kongo inaposimuliwa, Miko Rwayitare anasifiwa kama shujaa, kisha mazungumzo yanaishia hapo. Yasiishie hapo.

Mfanyabiashara huyo, aliyezaliwa Rwanda mwaka 1942, alianzisha Telecel mjini Kinshasa katikati ya miaka ya 1980 pamoja na Mmarekani Joseph Gatt. Nchi ilikuwa bado inaitwa Zaire, na simu za serikali zilikuwa zimeoza. Alionyesha kwamba Mwafrika anaweza kujenga mtandao bila kungoja serikali iamke. Hilo hakuna wa kumnyang'anya, na wale wanaompima kwa mahali alipozaliwa wanapoteza muda wao bure.

Hoja ni bei. Simu za kwanza za Telecel ziliuzwa kwa maelfu ya dola. Waliozishika ni mawaziri, majenerali na matajiri. Mwaka 2000 sehemu kubwa ya kampuni ilinunuliwa na Orascom ya Misri, na Rwayitare mwenyewe alifariki mwaka 2007. Leo uniti zinauzwa kando ya kila barabara, hata mama muuza sombe ana simu. Lakini ile desturi ya kumwona mteja kama mfuko wa dola haikuzikwa pamoja na mwanzilishi. Serikali nayo iliijifunza: mwaka 2020 ilileta kodi ya RAM, uniti za watu zikakatwa bila wao kuulizwa, hadi dola 7 kwa simu moja. Wananchi walipiga kelele sana mpaka ikafutwa mwaka 2022.

Sasa tazama Goma. Tangu benki zifunge milango mwanzoni mwa 2025, pesa ya simu ndiyo benki ya watu. Mama aliyekimbia vita anatumiwa dola 20 na ndugu yake wa Lubumbashi. Kwanza alipe kuchajisha simu, maana anapolala hakuna umeme. Akifika kwa ajenti, anaambiwa pesa taslimu hakuna, arudi kesho. Kesho yake zikipatikana, anakatwa. Pesa ya unga inaliwa njiani, kabla watoto hawajaona sufuria.

Watetezi wa kampuni watasema antena zinakunywa mazuti, vita imeharibu mitambo, ushuru ni mwingi. Ni kweli, na hakuna anayetaka antena zizimike. Lakini hasara ya vita haiwezi kutafutwa ndani ya dola 20 za mtu asiye na nyumba.

Kampuni zinaweza kuanza wiki hii, bila kungoja Kinshasa: zifute makato ya kutoa pesa kidogo katika maeneo ya vita, zibandike bei halali kwa Kiswahili mbele ya kila ajenti, na ziweke namba ya bure kwa familia zilizopotezana barabarani.