Wahandisi Wetu Wausome Udongo Wetu

Msafiri atokaye Dar es Salaam, afikapo Msamvu, Morogoro, hukuta njia panda: barabara moja yaelekea Dodoma, nyingine Iringa. Kusini yake imesimama milima ya Uluguru, ambayo kwa mhandisi wa ujenzi ni darasa tosha.

Februari 1970, mvua ya saa chache iliporomosha ardhi ya Mgeta, magharibi ya milima hiyo, katika mamia ya sehemu. Watafiti wa Dar es Salaam na wa Uppsala, Sweden, walikwenda kupima. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1972, yalionyesha kuwa karibu maporomoko yote yalitokea mashambani na malishoni. Msitu uliishika ardhi yake.

Hiyo ndiyo faida ya masomo ya shahada ya pili. Shahada ya kwanza humfundisha kijana kanuni zilizokwisha kujulikana. Ya pili humtaka azijaribu katika ardhi ya kwao. Nasi huku visiwani tuna mawe ya matumbawe, visima vinavyoingia chumvi na bahari inayomega fukwe.

Kwa hiyo twaiomba Serikali: kila mradi mkubwa wa barabara, bandari au maji utenge fedha za kumsomesha japo mhandisi mmoja, achunguze tatizo la mradi ule ule, na tasnifu yake isomwe na wakuu kabla ya mkataba mwingine kutiwa saini. Mshauri mgeni humaliza kazi akaenda zake. Nyufa za daraja hubaki nasi.